Kamera ya volti 8 na betri ya bodaboda ya volti 12

Msomaji mmoja wa Morogoro ameuliza hivi: «Shikamoo fundi. Nimenunua kamera ya filamu ya milimita 16, aina ya Arriflex 16ST, pamoja na mota zake mbili, lakini haikuja na betri wala waya. Mota moja ina pete ya kuzungusha, nyingine haina kitu cha kurekebisha isipokuwa imeandikwa 24. Fundi redio wa mtaani kwetu anasema nifunge betri ya bodaboda ya volti 12 kwa kuwa mota ni mota. Tena nimesikia kwamba bila mota ya kristali siwezi kurekodi sauti. Niiwashe kwa umeme gani, na je, hiyo kristali niitafute au niachane nayo?»

Marahaba. Kabla ya yote, mwombe fundi wako aiweke kando hiyo betri ya bodaboda hadi umalize kusoma jibu hili, kwa sababu kauli kwamba mota ni mota inafaa kwa feni na pampu ya maji, lakini haifai kwa kamera. Feni ikizunguka kwa kasi zaidi kidogo utapata upepo zaidi kidogo. Kamera ikizunguka kwa kasi isiyo yake, watu katika picha watatembea kama wanaoteleza, mwanga utakaoingia kwenye filamu utakuwa pungufu au wa kupita kiasi, na kasi ikizidi sana mashine yenyewe itaumia. Kwa hiyo mota ya kamera ina kazi mbili: kuzungusha, na kushika mwendo. Kazi ya kwanza karibu umeme wowote wa betri utaifanya. Hiyo ya pili ndiyo inayodai uijue mota uliyonayo kabla ya kuchagua betri.

Kamera yako ilitoka Munich, Ujerumani, kwa kampuni ya Arnold & Richter, ambayo jina la Arri ni kifupi cha majina hayo mawili. Aina hii ya milimita 16 ilianza mwaka 1952, miaka 15 baada ya kampuni hiyo kuonyesha kamera yake ya milimita 35 yenye shata ya kioo (shata ni kile kizibo kinachozunguka na kuruhusu au kuzuia mwanga kufika kwenye filamu) katika maonyesho ya Leipzig ya mwaka 1937. Zote mbili zilikusudiwa kubebwa mkononi na kutumika mbali na umeme wa ukutani, ndiyo maana zikajengewa mota ndogo za betri. Nataja jambo hili ili uelewe namba 8, ambayo huwashangaza mafundi wengi wa leo. Enzi hizo betri ya kuchajiwa iliyozoeleka ilikuwa ya risasi na asidi, na kila seli yake hutoa takriban volti 2. Seli 4 ni volti 8, seli 8 ni volti 16, ambao ndio umeme wa Arriflex 35 IIC, na seli 6 ni zile volti 12 za gari, ambazo kamera za baadaye kama Arriflex 16SR na Éclair ACL zilizifuata. Ukiiona namba ya ajabu kwenye kibao cha mota, igawanye kwa 2 utajua mbunifu wake alikuwa akihesabu seli ngapi. Na hicho kibao kisome kwanza, kwa sababu mota hubadilishwa kutoka kamera moja hadi nyingine, na mota iliyokuja na kamera yako si lazima iwe ile iliyotoka nayo kiwandani.

Sasa tuiangalie mota yenye pete. Hii ni mota ya mkondo mnyoofu, yaani umeme wa betri, na ndani ya pete hiyo mna riostati: waya wa ukinzani ambao pete inaukatia mahali pafupi au parefu kadiri unavyozungusha. Ukinzani ukipungua mota hupata volti zaidi na kukimbia zaidi. Haina akili nyingine yoyote. Ikiwa imesimama kwenye picha 24 kwa sekunde asubuhi betri ikiwa imejaa, jioni itakuwa imeshuka bila wewe kuigusa; na ukiingiza filamu mpya iliyo nzito kidogo kuvutwa, itashuka tena. Ndiyo sababu kamera ina mshale wa kuonyesha kasi, na mpiga picha wa zamani alizoea kuupitishia jicho mshale huo kama dereva anavyopitishia jicho kioo cha pembeni. Kwa mota ya aina hii kasi hufuata volti karibu sawia. Volti 12 mahali pa 8 ni mara moja na nusu, kwa hiyo pete iliyokuwa inakupa picha 24 itakupa 36 au karibu na hapo. Ukiwa umeisukuma pete hadi mwisho, ambako mota ya namna hii hufika picha 48 hivi kwa sekunde, unaomba picha zaidi ya 70 kutoka kwa ukucha mwembamba wa chuma ambao kwa kila picha hauna budi kuingia kwenye tundu la filamu, kuishusha, kutoka na kurudi juu. Ukucha huo hauna mbadala dukani.

Mota ya pili, iliyoandikwa 24, ni ya kidhibiti mwendo. Jina hilo unalijua kutoka kwenye mabasi ya mikoani, na kazi ni ileile ingawa njia ni tofauti. Kwenye shafti ya mota kuna kipande kidogo cha uzito kilichoshikwa na springi. Mota inapokimbia, uzito huo husukumwa nje kama mtoto aliyeshika ukingo wa bembea la kuzunguka. Ukifika mahali fulani unaachanisha vidole viwili vya umeme, na umeme unalazimika kupita kwenye ukinzani badala ya njia fupi. Mota inapungua kasi, springi inauvuta uzito, vidole vinagusana, mota inaongeza kasi tena. Hayo hutokea mara nyingi kila sekunde, kiasi kwamba mwendo unaouona kwenye mshale hutulia mahali pamoja. Ukitaka kuiona kazi hiyo, endesha mota nje ya kamera kwenye chumba chenye giza na, kama ina upenyo, uchungulie ndani yake: utaona cheche ndogo za buluu zikimetameta. Cheche chache, nyembamba na za mfululizo ni dalili njema. Cheche nene za rangi ya machungwa zinaonyesha vidole vimeungua au kaboni, yaani vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha.

Katika maelezo hayo kuna jambo ambalo wengi hulikosa. Kidhibiti kinaweza kupunguza tu. Hakina uwezo wa kuongeza. Ili kifanye kazi, ni lazima mota ipewe umeme unaotosha kuikimbiza kupita 24, ndipo kiwe na cha kukata. Betri ikichoka, au waya ukiwa mwembamba, vidole hukaa vimegusana muda wote na kidhibiti kinakuwa abiria: mota inaenda kwa kasi itakayojaliwa, sawa na ile ya pete. Na upande wa pili, ukiipa volti 12, kidhibiti kitajitahidi kukata ziada yote, mshale utaonyesha 24 kwa uaminifu, na wewe utaamini kwamba fundi redio alisema kweli. Lakini ziada hiyo inageuka joto kwenye ukinzani na cheche kwenye vidole, na kitu kilichoundwa kidumu miaka kitaungua kwa muda mfupi. Huu ndio udanganyifu mbaya zaidi wa volti 12, kwamba mwanzoni inaonekana imekubali.

Tuje kwenye betri. Watu huanza kwa kuuliza betri itakaa muda gani, na kwa kamera hii swali hilo halina uzito mkubwa. Reli ya filamu, yaani gurudumu ambalo filamu imezungushiwa, inayoingia ndani ya kamera yako ina futi 100, yaani mita 30 na nusu hivi, ambazo ni picha 4,000. Kwa picha 24 kwa sekunde inaisha ndani ya dakika 2 na sekunde 47. Kwa picha 25 ni dakika 2 na sekunde 40 kamili. Tuchukulie kamera inakula ampea 2 ikiwa kwenye mwendo. Reli nzima itatumia chini ya sehemu moja ya kumi ya ampea-saa. Betri ndogo ya ampea-saa 7, kama zile zinazowekwa kwenye vifaa vya kulinda kompyuta umeme unapokatika, ikitumika nusu tu ya uwezo wake ingepitisha reli zaidi ya 30, na bei ya reli 30 pamoja na kuzisafisha maabara ni bei ya pikipiki. Mfuko wako utachoka kabla ya betri.

Kinachotakiwa kwenye betri ni uwezo wa kutoa mkondo mkubwa kwa ghafla bila volti kuporomoka. Mota ikiwa imesimama haina kinachoizuia kunywa umeme isipokuwa ukinzani wa koili zake. Kama koili zina omu 1, volti 8 zitasukuma ampea 8 katika ile sehemu ya sekunde ya kuanzia, hata kama baadaye mota itatulia kwenye 2. Betri dhaifu hujikunja hapo, na kamera huanza kwa kusuasua, na zile picha za mwanzo zitatoka nyeupe kupita kiasi kwa sababu shata ilikuwa ikipita polepole. Kwa sababu hiyohiyo, kama una kifaa cha mezani cha kutolea umeme chenye kikomo cha ampea 3, usishangae kamera ikigoma kuwaka nacho na kukubali betri ndogo ya bei nafuu. Si kwamba kamera ni mbovu: kifaa kinajilinda kila mota inapotaka kuondoka.

Njia ninayoipendekeza, kwa unyofu wake, ni seli 7 za kuchajiwa za nikeli-metali haidraidi za ukubwa mnene, zile za tochi kubwa, zilizounganishwa kwa mfuatano. Kila moja ina volti 1.2, jumla 8.4, na zina tabia njema ya kushikilia volti hizo karibu hadi mwisho. Zikitoka kwenye chaja huwa juu kidogo ya hapo, na mota inalimudu hilo. Ziunganishwe kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa, siyo kwa springi za kisanduku cha tochi, maana kila springi ni ukinzani.

Za lithiamu zina hesabu ngumu zaidi. Mbili za kawaida, kama zile zilizomo ndani ya betri za kompyuta mpakato, hutoa 7.4, zikijaa 8.4, jambo ambalo linaonekana zuri mpaka zinapoanza kushuka: nusu ya pili ya chaji yake iko chini ya kile ambacho kidhibiti mwendo kinakihitaji. Tatu hutoa 11.1 na kufika 12.6 zikijaa, kwa hiyo umerudi kwenye tatizo la bodaboda. Zile za lithiamu na fosfeti za mifumo ya sola hazikai sawa pia. Mbili ni 6.4, tatu ni 9.6. Na kama siku moja utapata kamera ya volti 12, jihadhari na betri kubwa za kisasa za kamera za video zilizoandikwa 14.4 au 14.8, kwa sababu zikijaa hufika 16.8, na mitambo ya umeme ya miaka ya 1970 haikuwahi kuahidiwa kiasi hicho.

Ukisisitiza kutumia betri ya bodaboda, kwa kuwa ipo na chaja yake ipo, iwekee kifaa cha kushusha volti katikati. Chagua chenye uwezo wa ampea 10 au zaidi, si kile kidogo cha ukubwa wa kidole gumba kinachouzwa kwa ajili ya taa za urembo. Kiunganishe na betri kwanza kikiwa peke yake, zungusha skrubu yake ndogo huku umeshika multimita hadi isomeke 8.4, ifunge skrubu kwa tone la rangi ya kucha, ndipo uipeleke kwenye kamera. Nimeona watu wakifanya kinyume, wakirekebisha kamera ikiwa imeshaunganishwa, na vifaa hivi mara nyingi hutoka dukani vimefunguliwa hadi juu. Kuna njia ya zamani zaidi ambayo mafundi wa redio wataipenda: dayodi kubwa 6 kwa mfuatano, kila moja ikila takriban volti 0.7, zinaitoa betri ya 12.6 hadi kama 8.4. Zinapata moto na zinapoteza nguvu, ila hazina skrubu ya kugeuzwa na mtoto wala kelele za umeme, na zikifungwa kwenye kipande cha bati la alumini zitakaa miaka.

Waya ni mahali ambapo hata waliochagua betri vizuri huharibikiwa. Mota ya volti 8 haina ziada ya kupoteza njiani. Chukua waya wa kawaida wa taa wa milimita 0.75 za mraba, urefu wa mita 10. Umeme unaenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20 za shaba, karibu nusu omu. Kwa ampea 4 umeshapoteza volti 1.8, na kati ya 8.4 zimefika 6.6, wakati wa kuanza, kwa ampea 8, unapoteza karibu volti 4. Hapo kidhibiti kimeshakuwa abiria, na wewe utailaumu mota. Fupisha waya hadi mita 2, au ukilazimika kuwa mbali tumia wa milimita 2.5 za mraba. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri, upande wa chanya, kwa sababu hitilafu ikitokea kinachowaka moto ni waya uliopo kati ya betri na hitilafu hiyo.

Hapa nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nililehemu plagi ya kamera kama hii usiku, kwa mwanga wa kandili ya chaji kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, nikafuata rangi za waya badala ya kupima. Kumbe mtu aliyeutengeneza waya ule kabla yangu alikuwa ametumia nyekundu kwa hasi. Nilipobonyeza, mota ilizunguka kinyumenyume, reli ya juu ikaanza kupokea filamu isiyokuwa na nafasi, na katika sekunde 3 au 4 mita kadhaa zilijisokota ndani ya mlango kama tambi zilizozidi sufuria. Ile ilikuwa mota ya kawaida, kwa hiyo hasara iliishia kwenye filamu. Ingekuwa mota yenye saketi ya transista, ingeungua kabla mkono wangu haujaachia kitufe. Tangu hapo sikubali rangi ya waya inisimulie. Napima kila pini kwa multimita, hata kwenye waya niliotengeneza mwenyewe jana. Kwa kamera za baadaye za volti 12 upo utaratibu unaofahamika, plagi ya pini 4 ambapo pini ya 1 ni hasi na ya 4 ni chanya, lakini kamera yako ni ya kabla ya utaratibu huo kuenea, na plagi yake ukiikuta imeshabadilishwa na mmiliki wa awali, usiamini chochote.

Sasa kuwasha. Kamera iliyolala miaka 20 ina grisi iliyogeuka nta, kwa hiyo zungusha kwanza mashine kwa mkono, bila filamu na bila umeme, mizunguko kadhaa polepole. Ikikwama mahali fulani, simama. Mota haitakwamua, itavunja. Usipulizie mafuta ya kopo ndani, maana yatafika kwenye kioo cha shata na kwenye lango la filamu, pale filamu inapopata mwanga. Ikizunguka kwa ulaini, chomeka mota ya pete, iteremshe hadi mwendo wa chini, unganisha multimita kwa mfuatano kwenye tundu la ampea 10, na uwashe kwa sekunde chache. Utaona namba inaruka juu kisha inashuka na kutulia. Iandike. Pandisha mwendo kidogo kidogo, uandike tena. Namba inayoshuka taratibu kadiri mashine inavyopata joto inaonyesha grisi inalainika, na hilo ni jema. Namba inayopanda huku mota ikitoa harufu ni ya kuzima mara moja. Na namba inayocheza juu na chini kwa mdundo uleule inamaanisha kuna gia au beringi inayogusa mahali pamoja kila mzunguko. Baada ya hapo ingiza filamu mbovu, ile iliyopitwa na wakati ambayo huna mpango nayo, urudie. Tofauti kati ya namba ya kwanza na ya pili ni mzigo wa filamu peke yake. Ikiwa kasi inayumba kwenye mota ya pete hata bila filamu, mara nyingi ni uchafu wa riostati: zungusha pete kutoka mwanzo hadi mwisho mara 20 au 30 umeme ukiwa umezimwa kabla hujafikiria kuifungua.

Mshale wa kasi nao ni mzee, usiutegemee bila kuupima. Kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote isipokuwa saa na futi ya fundi cherehani. Picha moja ya milimita 16 inachukua milimita 7.62 za urefu wa filamu. Kwa picha 24 kwa sekunde, dakika moja ni picha 1,440, ambazo ni mita 10.97, kwa picha 25 ni picha 1,500, yaani mita 11.43. Weka alama ya kalamu kwenye filamu mbovu pale langoni, endesha dakika moja kwa saa, weka alama ya pili mahali palepale, kisha ilaze filamu sakafuni sebuleni na upime. Sentimita 11 pungufu ni kosa la asilimia 1. Kosa la kidole chako kwenye kitufe, mwanzoni na mwishoni, ni robo sekunde hivi, kwa hiyo usitafute usahihi wa milimita. Rudia mara 3 uchukue wastani.

Umepata bahati kuwa na mota ya pete, kwa sababu hiyo iliyoandikwa 24 ina tatizo la kimazingira kwetu. Umeme wa Tanzania ni wa Hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde, na taa za mirija pamoja na taa nyingi za bei nafuu za siku hizi humetameta mara 100 kwa sekunde. Shata ya kamera yako ni ya nyuzi 180, nusu duara, kwa hiyo kwa picha 25 kila picha inaanikwa sehemu 1 ya 50 ya sekunde, ambamo mimeto 2 kamili inaingia, haizidi wala haipungui, na kila picha inapata mwanga sawa na jirani yake. Kwa picha 24 hesabu hiyo haikamiliki, na mwanga unaonekana kupumua mara 4 kila sekunde. Juani hakuna tofauti. Ukumbini kwenye harusi, ipo. Hivyo ndani ya nyumba tumia mota ya pete, uiweke kwenye 25 na uiangalie. Kuteleza kidogo kwa kasi hapo hakuleti upumuaji unaoonekana.

Hezi 50 hizohizo ndizo chanzo cha mota za aina ya tatu, ambazo huna na sikushauri uzitafute, lakini utakutana nazo kwenye matangazo ya kuuza. Ni mota sinkroni, zinazokula mkondo geu wa ukutani na kufuata mapigo yake hatua kwa hatua. Mota ya ncha 4 za sumaku kwenye Hezi 50 huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na 1,500 gawanya kwa 60 ni 25. Katika Marekani mota hiyohiyo kwenye Hezi 60 huzunguka mara 1,800, ikapunguzwa kwa gia hadi 1,440 ili kupata 24. Studio za Hollywood zilizotumia Mitchell BNC ziliendesha kamera na mashine za sauti kwa mota za namna hii, zote zikisikiliza gridi moja. Ukinunua mota ya Marekani ya picha 24 ukaichomeka hapa kupitia kishusha volti, volti zitakuwa sahihi na kasi itakuwa picha 20, kwa sababu kishusha volti hakibadilishi masafa, yaani zile Hezi. Na ukiiendesha kwa jenereta wakati wa mgao wa umeme, jenereta ndogo isiyo na mzigo mzito huweza kwenda Hezi 52, na picha zako 25 zinakuwa 26.

Imebaki sauti. Kidhibiti mwendo kikiwa kizima kitakukosea labda asilimia 1, na asilimia 1 katika dakika moja ni sekunde 0.6. Midomo ya mtu anayezungumza huonekana imeachana na sauti yake muda mrefu kabla ya hapo. Wazungu waliokuwa wakitengeneza filamu za hali halisi waliliona tatizo hilo mapema, na suluhisho la kwanza lilikuwa waya kati ya kamera na kinasa sauti, hasa Nagra za Stefan Kudelski: kamera ilizalisha mapigo yaliyoonyesha kasi yake halisi, kinasa kikayaandika kando ya sauti, na maabara ikainyoosha sauti ifuate. Baadaye ikaja kristali ya kwatsi, ileile inayoongoza saa ya ukutani ya betri. Saketi inalinganisha mzunguko wa mota na mapigo ya kristali na kuirekebisha bila kukoma, kwa hiyo kamera na kinasa havihitaji waya tena. Kila kimoja kinafuata saa yake, na saa hizo mbili zinakubaliana kwa kiwango cha picha moja kwa dakika nyingi. Zipo mota za kristali zilizoundwa baadaye kwa ajili ya kamera za zamani kama yako, zikiwemo za Tobin Cinema Systems za Marekani.

Je, uitafute? Kwa kamera hii, sasa hivi, hapana. Arriflex 16ST inanguruma kama cherehani ya umeme, na bila kuifunika kwa kasha zito la kuzuia sauti, kinasa kitakirekodi kila kitu ulichotaka kukirekodi pamoja na kamera yenyewe. Kristali itakupa usahihi wa mwendo kwa ajili ya sauti ambayo usingependa kuisikiliza. Kwa mahojiano mafupi nje, mita kadhaa kutoka kwa msemaji, rekodi kwa simu, piga makofi mara moja mbele ya lenzi mwanzoni na mara moja mwishoni mwa kila kipande, na uinyooshe sauti kwenye kompyuta mpaka makofi mawili yakae juu ya picha zake. Kwa reli ya futi 100 kipande hakiwezi kuzidi dakika 2 na sekunde 47 hata ungetaka, na mradi mota inashika mwendo mmoja, hata kama si 24 kamili, njia hiyo inatosha. Kwa kazi hiyo tumia mota ya kidhibiti, siyo ya pete, kwa sababu mota ya pete huteleza katikati ya kipande na makofi ya mwanzo na mwisho hayawezi kukuonyesha iliteleza wapi.

Ukishatengeneza betri, niandikie namba mbili kwa kila mota: ampea ilizokula ikiwa na filamu, na urefu wa filamu uliopita ndani ya dakika moja. Iandike pia rangi ya cheche ulizoziona gizani kwenye ile ya 24. Kwa hizo nitaweza kukwambia kama kaboni ni za kubadilisha kabla hujaweka filamu yenye thamani.